Aliyefungua Banda la Mama Aluoch

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Mama Aluoch alirudi nyumbani kwake Kimumu kutoka misa akakuta banda la kuku liko wazi, mara ya tatu wiki hiyo. Ndoano ya mlango ilikuwa inaning'inia, haijapinda wala kukwaruzwa. Kuku mmoja hayupo. Hakukuwa na tone la damu.

"Mnyama hafungui ndoano," alisema. "Ni huyu mpangaji, Wanyonyi. Nimemwona akinyata nyuma ya banda nikitoka. Kufikia saa nne awe amehama. Na unajua vile watu wa Bungoma wanapenda kuku."

"Na sisi watu wa ziwa tunapenda samaki. Mbona hakuna anayetushuku samaki wakipungua ziwani?" alijibu wifi yake, Maximilla. Alikuwa ameitwa kuleta kufuli. Miaka kumi na tisa aliuza makomeo katika duka la vifaa mjini, na hukumu za haraka zilimkera.

Walimkuta Wanyonyi kando ya tangi la maji.

"Ulikuwa unafanya nini nyuma ya banda?" Maximilla aliuliza.

"Nilikuwa napita tu, Mama."

"Njia ya mbele ina nini?"

Kabla hajajibu, bibi mmoja mzee alitoka chumbani kwa Wanyonyi na beseni. Wanyonyi akaruka nyuma ya tangi.

"Umeona? Anatoroka!" Mama Aluoch alifoka.

Lakini Maximilla alikuwa anamtazama yule bibi. Naye alikuwa amegeukia ukuta.

"Nasike," alimwita mke wa Wanyonyi, "huyu ni nani?"

"Ni mama yangu. Alikuja Jumatatu."

Maximilla akacheka. Kwa Wabukusu wa Bungoma, mwanamume na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Maskini Wanyonyi alikuwa anazunguka nyuma kila asubuhi kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyomfanya aonekane mwizi. Sasa alikuwa anafukuzwa mama mkwe akisikia kila neno.

"Basi nani alifungua?" Mama Aluoch aliuliza.

Maximilla akaigusa ndoano. Ilikuwa na ute. Ndani, chakula cha kuku kilikuwa kimelambwa chote. Chini ya ua wa miiba kulikuwa na manyoya ya kahawia na tundu la kupita paka.

"Ukienda misa, nani hubaki karibu na banda?"

"Hakuna. Ni mbuzi tu, namwachilia ale majani."

Maximilla akamwaga chakula kipya bandani, akafunga ndoano, wakajibanza mlangoni mwa jikoni. Saa tatu kasoro dakika kumi, mbuzi alifika. Aliilamba ndoano, akaingiza mdomo chini yake, akainua. Mlango ukafunguka, naye akazamisha kichwa kwenye chakula. Kuku wakatoka mbio hadi kwenye ua, na pale tunduni ikachungulia pua ya nguchiro. Mama Aluoch alirusha kiatu, nguchiro akatoweka.

"Mmoja anafungua, mwingine anabeba," Maximilla alisema. "Mbuzi anataka pumba, nguchiro anataka nyama. Wanyonyi hakutaka kitu."

Mbuzi aliendelea kutafuna, hana hata aibu.

"Kufuli hutaihitaji. Nunua komeo la kusukuma, lenye pini ya kubonyeza kabla ya kulivuta. Mbuzi anajua kuinua, hajui kubonyeza halafu avute. Hilo tundu nalo uzibe kwa mawe leo."

Haya ikamjaa Mama Aluoch. Alienda hadi kwenye tangi.

"Wanyonyi, baba, nimekukosea sana. Nyumba ni yako. Nisamehe."

"Ni sawa, Mama," sauti ilijibu kutoka nyuma.

Yule bibi, uso ungali ukutani, akamwambia binti yake kwa sauti ya kufika mbali: "Nasike, mwambie bwanako mimi sikuamini hata kidogo kwamba ni mwizi."

Hakukuwa na haja ya kumwambia. Nyuma ya tangi, mtu mzima alikuwa anapenga kamasi.