Usinipunguzie Uzito

Tone moja. Kisha jingine. Maji ya paa yalidondoka ndani ya sufuria gizani, kabla ya alfajiri, na Rosilene akakurupuka, mgongo umelowa jasho. Tangu kilima cha Niterói, Brazil, kiteremke na nyumba yake, akafukiwa kwa saa tatu chini ya tope hadi watu wakamfukua, mvua ilimtia hofu.

Simu ikalia. Valdeci, mwalimu wake wa jiujitsu, mieleka ya kukabana mkekani, na mpenzi wake.

"Umeamka, mpenzi?"

"Sitaki unipigie."

"Wiki mbili sasa! Nimekosa nini, jamani?"

"Unajua. Ulinilalia kifuani mazoezini, nikageukia ubavu, nikapenyeza goti, miguu yangu ikarudi katikati yetu. Nikashangilia kama mwehu. Kumbe uliinua kifua mwenyewe!"



"Ulikuwa umeacha kupumua, Rosi. Niliogopa."

"Halafu jioni ileile unaniposa! Anayenidanganya kwa kifua atashindwa kwa mdomo?"

"Basi njoo leo. Sitakupunguzia hata kilo moja. Ukizidiwa, gonga mkeka kwa mkono, nakuachia."

"Kilo zako tisini na mbili, na maharage ya mama yako juu yake?"

"Tisini na nne. Mama anakusalimia."

Alicheka bila kutaka.

Saa nne asubuhi alikuwa chali kwenye mkeka wa ukumbi wa mazoezi, suti yake ya bluu imefifia magotini, mkanda mweupe kiunoni. Binti yake Tainá, wa miaka sita, alikaa ameegemea ukuta akinyonya juisi kwa mrija.

Valdeci akamshukia kifuani. Pumzi ikakatika. Tope lilelile, giza lilelile. Mkono wa Rosilene ukainuka kugonga.

"Nipo," Valdeci alinong'ona. Hakuinuka.

Mkono ukashuka, haukugonga. Kiganja kikasukuma nyonga ya Valdeci. Rosilene akageukia ubavu, akarudisha kiuno nyuma kidogo, tena kidogo. Pumzi nyembamba ikaingia. Goti likapenya, mguu ukafuata, na miguu yote miwili ikamfunga Valdeci kiunoni.

"Uliinua?"

"Naapa kwa kaburi la baba, hapana." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Basi niulize tena."

"Utakubali nikuoe?"

"Nitakubali," alisema akihema, bila kumfungulia.

Tainá akaweka juisi chini.

"Mama ametoka mwenyewe."