Piki ya Ridhwan

Ile piki ilikuwa na joto. Kipande cha kupigia nyuzi za gita, kidogo kama ukucha wa dole gumba, kimelala usiku kucha kwenye koti lililotundikwa ukutani, halafu Dalmas anakishika asubuhi na kukuta kina joto la kitu kilichotoka kwapani.

Alikuwa amekiiba, tusimfichie. Ridhwan wa Kaloleni, mwenzake kwenye bendi, alikinunua Mombasa kwa bei ya mbuzi na bendi nzima ikamcheka. Dalmas alicheka kuliko wote, maana yeye piki zake hukata kutoka kwenye beseni kuukuu la plastiki. Kisha Ridhwan akapiga, kicheko kikaisha, na mwenye bendi akampa solo aliyokuwa akipiga Dalmas miaka yote. Wivu ulimkaba Dalmas hata ugali ukawa haupiti.

Sasa solo ilikuwa imerudi kwake. Watu wa klabu ya Otonglo walimtuza kwa kumbandika noti kwenye paji la uso. Lakini nyumbani Kisian, mkewe Emmaculate alikuwa amenuna.

"Shati yako inanuka marashi ya waridi, Baba. Ni ya nani?"

"Hakuna mtu."

"Na nani ananivuta nywele nikiinama kuosha vyombo?"

Mchana huo, akifanya mazoezi, nyuzi ziliita jina. Gita la benga, muziki wa Waluo, huita majina ya watu, hilo si ajabu, ila kuna namna moja ya polepole inayopigwa matangani tu, kumwita aliye ndani ya sanduku. Ziliita Emma, mwanzo wa jina la mkewe, polepole, zikanyamaza. Dalmas hakuwa ameuagiza mkono wake.

Jioni Ridhwan alikuja, akaongea kwa sauti ya chini.

"Omera, ndugu yangu, nirudishie hiyo kitu. Iko na jini, na hiyo jini haitaki mwanamke mwingine karibu na wewe. Ilianza kuita mke wangu Ikhlas hivyo hivyo. Nilimrudisha kwao kabla haijamaliza jina. Sasa mimi sina mtu, wacha nikae nayo."

"Mbona hukuitupa?"

"Wewe umeipiga. Ungeitupa?"

Dalmas alimtazama, akamwona akilini amesimama mbele tena, noti usoni, akaisukuma piki ndani zaidi ya mfuko.

"Sijaiona," akasema.

Jumapili mchana, Otonglo imefurika, alipiga kuliko siku zote, na katikati ya solo harufu ya waridi ikampanda puani, mkono ukapunguza mwendo wenyewe, nyuzi zikaanza kuita Emma, zikaendelea, herufi kwa herufi, hadi zikalimaliza jina, na wachezaji wakasimama wakiulizana nani amekufa, na hapo akamwona jirani yake Akinyi akipenya umati bila viatu, analia, anamwashiria atoke.

Dalmas alijaribu kuacha kupiga. Mkono ulikataa. Na watu, wakidhani anamlilia mkewe, wakapanga foleni kumbandika noti.