Jino Alilopima Ugbad

Walikutana soko la mifugo la Garissa, katikati ya ngamia na vumbi. Bishar, fundi wa visima kutoka Habaswein, aliangusha gia nzito nusura imponde Ugbad mguu. Msichana huyo, mwenye jilbabu ya kijani na viatu vya karakana, aliinama akaichunguza.

"Abowe, kaka yangu, hii imekwisha meno."

"Kwani wewe daktari wa meno?"

"Wa meno ya chuma. Nayachora kwenye kompyuta, nayakata humo kwanza nione yanavyoshikana, ndipo mashine inachonga."

Tangu siku hiyo Bishar akawa mteja. Kwa miezi miwili alileta hata gia zisizo na kasoro, na Ugbad alijua, akanyamaza, maana alimpenda.

Jumatatu akaleta gia ya winchi inayomteremsha kisimani. Ugbad alikuwa anaipima.

"Macaanto, mpenzi wangu, nitume wazee kwa baba yako?"

"Sasa hivi siwezi, Bishar."

Alimaanisha vipimo vilivyokuwa mkononi. Bishar alisikia amekataliwa. Alhamisi alichukua gia mpya kwa fundi anayeendesha mashine karakanani kwa Ugbad, hata salamu hakuacha.

Jumamosi asubuhi Ugbad alifungua mchoro wake, akarudia kuyakata meno kwenye kompyuta, kisha akaizungusha humo gia hiyo na ile inayoshikana nayo. Meno yalishikana kwa ncha tu, tena yalikuwa membamba. Alikuwa amepima jino lililolika, na kompyuta ikamwamini.

Akampigia Bishar. Simu ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa. Akampigia Faduma, mamake Bishar, anayeuza maziwa karibu na kisima.

"Mama, Bishar yuko wapi?"

"Yuko hapa kisimani. Ameshajifunga kamba."

"Mpe simu, nakuomba. Asiteremke."

Kisha ikaja sauti kavu ya Bishar. "Ugbad, kama ni huruma, sina haja nayo."

"Gia ni mbovu, Bishar. Ulipouliza habari ya wazee niliacha kuiangalia gia, nikapima jino la kwanza nililoshika. Lilikuwa limelika. Kosa ni langu."

"Walaahi, inazunguka vizuri tu."

"Haijabeba mtu. Fungua kamba, teremsha gunia la mchanga kwanza. Kama huniamini tena, fanya kwa ajili ya mama yako."

Alisikia winchi ikilia polepole, ikizunguka, ikizunguka. Alifumba macho akaomba dua. Kisha chuma kikavunjika, kamba ikavuma, na mbali sana chini kitu kikapiga maji. Faduma akapiga yowe.

"Bishar?"

Ugbad aliketi sakafuni, machozi yakimtiririka.

"Bishar, nijibu."

"Niko juu." Ilikuwa sauti ya Bishar. "Gunia limekwenda. Ningekuwa mimi."

Walilia wote wawili, huyu Garissa, yule Habaswein, bila kuoneana haya.

"Nikuchoree nyingine?" Ugbad akauliza. "Utathubutu kuning'inia nayo?"

"Chora. Nitakuja kukaa kimya hadi umalize kupima."

"Usije peke yako," akasema Ugbad. "Njoo na wazee."