Miguu ya Farasi Si Miguu Yako

Asubuhi hiyo Aijarkin alikuwa amekwisha kukamua ng'ombe, kukanda unga na kuwasha tanuri. Ilibaki kazi moja, nayo ndiyo iliyomchosha kuliko zote. Ilikuwa kumwamsha na kumwandaa baba mkwe wake.

Mzee Mambetaali alikaa juu ya godoro la sakafuni, miguu mbele, kama sultani anayengoja zawadi. Aijarkin alimmiminia maji ya kunawa. Akamvisha soksi. Akamvisha viatu vya ngozi, kimoja, kisha cha pili. Halafu akapita nyuma yake, akamshika makwapani, akamnyanyua.

"Polepole! Mimi si gunia," mzee alifoka.

"Gunia halipigi kelele, Baba."

"Wala gunia halina mkaza mwana mwenye mdomo."

Mkaza mwana mwema hamwachi mzee ainue hata kijiko. Kijiji kizima kilimsifu Aijarkin kwa hilo. Mgongo ulimuuma, lakini sifa alizipenda.

Theluji ilikuwa imeyeyuka bondeni. Baada ya miezi miwili, kondoo wangepandishwa jailoo, malisho ya juu mlimani. Mume wake, Nurdin, alikuwa Urusi akifanya kazi ya ujenzi. Kwa hiyo mzee ndiye angekwenda na kondoo, kama kila mwaka. Aijarkin angebaki kijijini kukata nyasi za akiba ya majira ya baridi. Wazo hilo lilimnyima raha. Huko juu simu haishiki. Mzee akianguka, atakayemwona kwanza ni tai.

Tena alikuwa amekwisha kuanguka. Juzi tu Aijarkin alimkuta kando ya zizi, amelala chali, hawezi kuinuka.

"Ilikuwa barafu," mzee alisema.

"Barafu imekwisha zamani, Baba."

"Basi tope."

"Tope gani, na pale pakavu?"

"Basi ardhi ilisogea! Unataka nini kwangu, mwanamke wewe?"

Aijarkin aliuma meno. Alitaka kusikia neno moja tu: kwamba mwaka huu mzee hatakwenda peke yake. Neno hilo halikutoka.

Badala yake alikuja jirani yao, Shergazi. Akaukutanisha mkono wake na wa Aijarkin, wakamsukuma mzee hadi juu ya tandiko la farasi wake. Na hapo, ajabu! Mgongo ulinyooka. Kidevu kikapanda. Mzee akazunguka uwanja mbio, kofia nyeupe kichwani, vumbi nyuma yake.

"Mwoneni simba!" Shergazi alipiga makofi. "Miaka sabini na sita! Na wewe Aijarkin unataka kumfunga nyumbani kama ndama?"

"Sitaki kumfunga. Sitaki kumzika."

"Anayeweza farasi, anaweza mlima. Wazee wetu walipima hivyo."

Aijarkin aliitazama ndoo ya maji, kisha akakitazama kichwa cha Shergazi. Akaiacha ndoo. Akaenda zahanati.

Mhudumu wa afya wa pale aliitwa Gulbara. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuwaita ng'ombe ng'ambo ya mto. Alikuja siku ileile. Akampima mzee shinikizo la damu. Akamuuliza kama kifua humbana au kichwa humzunguka. Mzee akasema hapana, hapana, na mara ya tatu hapana. Gulbara akaegemeza kiti ukutani.

"Kaa hapa, Mzee. Kunja mikono kifuani. Simama wima, kisha kaa. Simama tena, kaa tena, mpaka nusu dakika iishe. Ukijisikia vibaya, acha. Aijarkin, simama karibu naye, lakini usimguse."

"Hilo tu?" Mzee alicheka. "Hata kuku anaweza."

"Tuanze na wewe. Kuku atafuata."

Mzee akajaribu kuinuka. Makalio yakaondoka kwenye kiti, yakarudi. Akajaribu tena, na mkono ukashuka gotini.

"Mkono!" Gulbara alisema.

"Umeshuka wenyewe."

"Urudishe wenyewe."

Nusu dakika ilipokwisha, mzee alikuwa akihema, uso mwekundu.

"Mwanaume wa umri wako mwenye nguvu za kutosha husimama mara kumi na moja au zaidi," Gulbara alisema. "Wewe umesimama mara nne. Na ya nne ulitaka kuiiba."

"Kiti kibovu!"

Shergazi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikwenda mbio kwake kuleta kiti kingine. Mambo yakawa yaleyale.

Kisha Gulbara alimwambia asimame, mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole. Mzee akayumba kama mlevi, Aijarkin akamdaka. Mwishoni akaambiwa ainuke kitini, atembee hatua chache hadi mlangoni, ageuke, arudi akae. Alikwenda kwa kuburuza viatu, na kugeuka kulimchukua muda kama gari la ng'ombe kwenye njia nyembamba.

"Anayechelewa hivi," Gulbara alisema, "yuko karibu na kuanguka. Si barafu, Mzee. Ni mapaja."

"Mimi napanda farasi!" Mzee alipiga ukuta kwa ngumi. "Nitajie kijana anayenishinda!"

"Farasi ndiye anayepanda mlima. Wewe umekaa. Miguu ya farasi si miguu yako. Nani anakuweka juu yake?"

Shergazi alianza kuchunguza buti zake.

"Tunamsaidia kidogo tu," alisema.

"Na kushuka?"

"Hunidondokea mikononi."

Aijarkin alitaka kucheka. Hatimaye kuna mtu aliyesema! Lakini Gulbara alikuwa amekwisha kumgeukia.

"Na wewe. Nani humvisha soksi?"

"Mimi."

"Nani humnyanyua godoroni? Nani humletea kila kitu mpaka mdomoni?"

"Mimi! Nani mwingine?" Aijarkin alipandisha sauti. "Kila siku mimi! Mgongo wangu umekatika, na sasa kosa ni langu?"

"Sikusema humpendi. Nasema unamlemaza kwa mapenzi. Msuli usiotumika hunyauka, uwe wa kijana au wa mzee. Na ukitumika, hurudi, uwe wa kijana au wa mzee. Kuinuka godoroni ndiyo kazi ya mapaja yake. Wewe umeichukua."

Machozi ya hasira yalimjaa Aijarkin machoni. Miaka yote hiyo ya kuinama! Mzee naye alikuwa akitazama sakafu.

Gulbara aliwapa utaratibu. Mzee ajivishe mwenyewe. Ainuke kitini na kukaa, mara chache asubuhi na jioni, akiongeza kidogo kila wiki. Ashike ukingo wa meza na kunyanyua visigino. Asimame kwa mguu mmoja, meza ikiwa karibu. Atembee kila siku kwa mwendo wa kumtoa pumzi, lakini awe bado anaweza kuzungumza.

"Kifua kikibana, pumzi ikikata au kizunguzungu kikija, pumzika na uniite. Nitarudi kupima kabla ya kondoo kupanda."

Loo, wiki zilizofuata! Soksi moja ilichukua muda wa kuchemsha chai. Mzee aliitukana soksi, na kondoo aliyetoa sufu yake. Aijarkin alikaa pembeni, mikono ameikalia ili isimkimbilie. Mzee alipoinuka kutoka godoroni, aligeuka kifudifudi, akapiga magoti, akashika kiti, akapumzika, akalalamika, akainuka. Aijarkin nusura apige yowe.

Kisimani wanawake walinong'ona. "Mkaza mwana mvivu. Mzee anajivisha mwenyewe!"

"Ndiyo, anajivisha," Aijarkin aliwajibu. "Wazee wenu wanaweza?"

Siku chache baadaye, mmoja wao alimuuliza pembeni jinsi kile kiti kinavyowekwa.

Gulbara aliporudi, milima ilikuwa ya kijani. Mzee alikunja mikono kabla ya kuambiwa. Akasimama mara tisa.

"Kumi na moja haijafika," Gulbara alisema.

"Wewe mwanamke hushibi!"

"Sishibi. Lakini unayumba kidogo tu, na unageuka kama mtu. Kukataza si kazi yangu. Nenda, ila usikae peke yako. Na farasi umpande mwenyewe, kutoka juu ya jiwe. Siku ukishindwa, hiyo ndiyo siku ya kushuka bondeni."

Mzee alimgeukia Aijarkin. Kisha akasema, kama mtu anayetapika mfupa, "Basi hema langu lisimame karibu na la Shergazi huko mlimani."

Aijarkin alitoka nje ili mzee asione uso wake.

Katikati ya kiangazi alipanda jailoo kumpelekea unga. Alikuwa amechoka, akajinyoosha kidogo ndani ya hema la sufu, akasinzia. Mchana huo mvua ya mlimani ilishuka ghafla, kali, na maji yakaanza kuingia kwa tundu la moshi lililo juu. Alipolala, mzee alikuwa ameketi chini upande wa pili. Kwa mazoea Aijarkin aliruka kumnyanyua.

Alikuta mkeka mtupu.

Mzee alikuwa amekwisha kutoka. Alisimama nje mvuani, miguu ameipanua kwenye majani yanayoteleza, akivuta kamba ya kufunika tundu. Kifuniko kilikuwa kimenasa, naye alikivuta kwa mwili mzima, bila kuyumba.

"Umelala, mkaza mwana?" alinguruma. "Unga unalowa! Vijana wa siku hizi, kuinuka tu mpaka waombwe!"

"Nakuja, Baba!"

"Unakuja, unakuja! Shika kamba ile, mimi nimekwisha kushika hii."

Aijarkin alikereka kupita kiasi. Akashika kamba, akavuta, huku akicheka na mvua ikimwingia kinywani.