Vinundu Walivyoviita Vyeti

Msumari alikufa akipiga randa. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Asubuhi alisema kifua kinambana, akanywa maji, akarudi kwenye meza ya kazi. Kabla ya mchana alikuwa maiti juu ya takataka za mbao.

Walimwita Msumari kwa wembamba wake. Mkewe, aliyeshona vitambaa vya makochi kwenye karakana hiyohiyo, alizoea kumtania asipande juu ya paa siku ya upepo. Msumari hakuvuta sigara, hakulewa, hakuwa na kitambi. Waombolezaji wakasema siku yake ilifika. Mjane akakubali. Angefanya nini?

Ukoo ule ulikuwa wa maseremala tangu babu, na wanaume wake walikuwa na alama moja. Vinundu vigumu, vya rangi ya manjano, kwenye vifundo vya vidole na nyuma ya mguu juu ya kisigino. Wenyewe waliviita vyeti. Mteja akiuliza kama fundi anaijua kazi, alinyooshewa ngumi. "Hiki hapa cheti changu, kisome!" Mwanafunzi mwenye vidole laini alichekwa mpaka akome. Hakuna aliyejiuliza kwa nini maseremala wa mtaa wa pili hawana vinundu.

Kisha binti wa Msumari akaanza kulalamika kwamba viatu vinamuuma nyuma. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, muuza simu dukani. Hajawahi kushika hata msumeno. Mama alimvua kiatu, akatazama. Kinundu kilikuwa pale.

Wakaenda kituo cha afya. Daktari, mama mnene mwenye utani mwingi, alikibonyeza kinundu, na utani ukakatika.

"Baba yako yuko wapi, mwanangu?"

"Amefariki. Moyo."

"Na babu?"

Mjane akajibu, "Naye kifua. Hakufika arobaini. Lakini hivyo vinundu wanavyo wote, daktari. Ni sugu za kazi."

"Sugu ya randa inaota kiganjani, mama. Nani anapiga randa kwa kisigino?"

Damu ya binti ikapimwa, na nyingine ikapelekwa hospitali kubwa kuchunguzwa urithi. Majibu yalipofika, daktari aliwaita.

"Kolesteroli yako ni zaidi ya mara mbili ya inavyotakiwa," alimwambia binti. "Ni mafuta ya kwenye damu. Yakizidi, yanaganda kwenye kuta za mishipa, mpaka mshipa wa moyo unaziba. Mengine yanajikusanya kwenye vidole na visigino."

"Lakini mimi sili mafuta mengi, daktari."

"Najua. Umerithi. Ngoja nikueleze kwa lugha ya karakana. Mwilini kuna vimeng'enya. Hao ni mafundi wadogo sana. Kati yao wako tisa wa ukoo mmoja, na wengi wao kazi yao ni kukata. Protini inatengenezwa ndefu, kama ubao mzima. Ubao mzima si mguu wa kiti. Mpaka ukatwe. Hata insulini, inayoshusha sukari, inaanza ndefu, inakatwa, ndipo inafanya kazi."

"Sasa kwangu wamekata vibaya?"

"Wewe shida yako ni yule wa tisa. Anaitwa PCSK9. Huyo hakati kama wenzake. Ini lako lina vipokezi, vitu kama mikono, vinavyokamata mafuta kwenye damu na kuyaingiza ndani. Mkono ukishusha mzigo, unarudi nje kukamata mwingine. Huyu fundi akiung'ang'ania, haurudi. Unavunjwa. Kila mtu anaye, lakini kwenu ana kasoro. Ana nguvu kupita kiasi. Anaimaliza mikono, na mafuta yanabaki kwenye damu."

Mjane alisimama. "Kwa hiyo mume wangu angeweza kupimwa?"

"Kwa damu kidogo tu."

"Alikuja hapa kushonwa kidole! Alikuja kuwatengenezea madirisha! Mkono wake mmeushika, mkausifia!"

Daktari hakukwepa. "Tulimwona mwembamba, tukampita. Kosa hilo ni letu. Ila sasa kila mtoto wa mwenye kasoro hii ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Nileteeni ukoo mzima."

Jioni ile mjane, binti akiwa nyuma yake, alimfuata karakanani shemeji yake, mdogo wa Msumari. Shemeji alisikiliza huku akinoa patasi.

"Ukitangaza kwamba damu yetu mbovu, nani atamwoa huyu mtoto? Posa iko mlangoni. Nyamaza, shemeji."

"Na jeneza lake utachonga wewe?"

"Shemeji, taratibu."

"Taratibu nimekwenda nayo mpaka makaburini! Mmekaa na kifo vidoleni, mnamwonyesha kila mteja, mnajigamba!"

Binti akaingilia. "Baba mdogo, mchumba nimeshamwambia. Kasema nimeze dawa, arusi iko palepale. Wewe unayejificha unamficha nani?"

Shemeji akavitazama vidole vyake. Patasi akaiweka chini.

Walikwenda wote kupimwa. Binti alianza vidonge vya kushusha kolesteroli, akapunguza vya kukaanga, akaanza kutembea kwa miguu kwenda kazini. Daktari alimwonya, "Ukitaka mtoto, njoo kwanza. Dawa hii tunaisimamisha kabla ya mimba." Vidonge visipotosha, alisema, zipo sindano zinazomzuia yule fundi wa tisa mwenyewe, ingawa ni ghali na si kila hospitali inazo. Havikushindwa. Kolesteroli yake imeshuka karibu nusu. Ameolewa.

Shemeji alikutwa na mishipa miwili ya moyo imeshaziba nusu. Anatumia dawa, anaishi, lakini kunyanyua mbao amekatazwa.

Ugonjwa huu unaonekana kwa macho na unapimwa kwa damu ya kijichupa. Katika ukoo huu umemchukua babu, akiwa na miaka thelathini na tisa. Umemchukua kaka wa huyo babu, arobaini na minne. Umemchukua shangazi wa binti, aliyeambiwa ni uchovu wa uzazi, thelathini na sita. Umemchukua Msumari. Wanne wamezikwa, na wa tano hawezi kubeba ubao.