Nafasi ya Kifaranga wa Mwisho

Lifti ya hospitali ya watoto ilikuwa imekufa tangu wiki iliyotangulia, na watu walishazoea kuipita bila kuitazama. Kwa hiyo milango yake ilipofunguka asubuhi ile, katikati ya foleni ya mapokezi na vilio vya watoto, ukumbi mzima uligeuka. Ndani hapakuwa na lifti. Palikuwa na giza, nyaya, na kichwa cha mwanamume kilichochomoza usawa wa sakafu, kimevaa kofia ngumu iliyochafuka grisi.

"Samahani dada," kichwa kilimwambia mwanamke aliyekuwa juu ya ngazi karibu na hapo, "hapa ni ghorofa ya ngapi?"

"Ya chini. Kwani ulikuwa unakwenda ipi?"

"Yoyote yenye chai."

Mwanamke hakutaka kucheka, lakini kicheko hakikumwomba ruhusa.

Hospitalini mwanamke huyo walimwita Fundi Vigae. Alikuwa akitengeneza picha kwenye ukuta wa ukumbi kwa vipande vidogo vya vigae: mama bata na vifaranga wake wanavuka barabara, magari yamesimama, na trafiki mnene ameinua mkono. Alishinda pale na suruali yake ya jinzi iliyokakamaa saruji, kitambaa chekundu kichwani, umati ukimpita huku na huku, na hapakuwa na aliyejua anakula saa ngapi. Jioni alirudi kwenye chumba chenye kikombe kimoja na redio aliyoiwasha ili pawe na mtu anayeongea.

Kazi yake haikuguswa na mkono mwingine. Hata aliyejitolea kumshikia ngazi alishukuriwa na kuombwa akae mbali. Dada yake mkubwa kila akipiga simu alianza kwa kuuliza, "Shemeji yangu hajambo?" Alimaanisha ndoo ya saruji.

Fundi wa lifti alitokea tena kesho yake, safari hii kupitia mlangoni kama watu wengine, na chai mbili mkononi. Akatokea na keshokutwa. Alimwita Mama Bata. Naye akamwita Mtu wa Shimoni. Baada ya kazi walipigiana simu zisizokuwa na sababu yoyote. Mwanamume alimsimulia jinsi watu wakiwa ndani ya lifti wanavyotazama namba badala ya kutazamana, na kwamba yeye alichagua kazi ile kwa kuwa shimoni angalau mtu unajua kwa nini uko peke yako. Siku hiyo Fundi Vigae alimwambia asikate simu kwanza. Redio ikaanza kulala mapema.

Ndipo akamwonyesha kazi yake inavyofanyika, jambo ambalo hakuwahi kumwonyesha mtu. Vipande hugandishwa kwanza juu ya karatasi vikiwa vimelala kifudifudi. Karatasi nzima hubandikwa ukutani, migongo ya vigae ikazama kwenye saruji mbichi, na sura ya picha hubaki imefichwa mpaka saruji ishike. Hapo ndipo karatasi hulowanishwa na kubanduliwa.

Siku alipobandika kifaranga wa mwisho, yule mdogo wa manjano anayechelewa nyuma ya wenzake, alikwenda mjini kununua sifongo. Aliporudi alimkuta Mtu wa Shimoni amepiga magoti, karatasi mbichi mkononi, na kifaranga amelala sakafuni vipandevipande. Alitaka arudi akute kazi imekwisha, alisema. Alitaka amwone anafurahi. Hakujua kama saruji ilikuwa bado haijashika.

"Nani alikuita?" Fundi Vigae alimwambia mbele ya foleni nzima. "Rudi shimoni kwako."

Mwanamume alivua kofia. Aliviokota vipande kimoja kimoja, akavitia kwenye kofia yake, akaondoka navyo.

Lifti ilipona siku iliyofuata na kampuni ikampeleka mji mwingine. Hakuaga. Sasa kila kengele ya lifti ilipolia Fundi Vigae aligeuka, na kila milango ilipofunguka walitoka manesi, au baba aliyebeba mtoto, au hakutoka mtu kabisa. Alikunywa chai moja, ikapoa nusu.

"Kifaranga kimedondoka, sawa," dada yake alisema kwenye simu, akiwa ameacha utani. "Na mtu umemdondosha. Kifaranga utatengeneza kingine, mdogo wangu. Yule utamtengeneza na nini?"

Akampigia. Iliita sana kabla ya kupokewa.

"Nilikosea," alisema, kwa sababu alijua akianza na salamu hatafika huko. "Sio kwa kukasirika. Kwa lile neno."

Mwanamume alijibu, "Vipande ninavyo. Nilivisugua kwa mswaki. Nimevipanga upya kwenye karatasi, nikiangalia picha niliyompiga akiwa bado kwenye karatasi, kabla hajanifia."

"Umevipanga vipi?"

"Kifudifudi. Ulinifundisha, Mama Bata."

Fundi Vigae alijikuta amekaa sakafuni. "Basi njoo naye. Utambandika mwenyewe kwa mkono wako. Mimi sitagusa."

"Wewe? Hutagusa?"

"Nakuahidi."

Walipatana iwe Ijumaa, maana Jumamosi wafadhili wangekuja kuutazama ukuta. Ijumaa mchana simu ikalia: lifti ya huko ilikuwa imenasa, wagonjwa wanabebwa kwa machela kwenye ngazi, naye haachiwi mpaka Jumapili. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetarajia kuambiwa basi, asije.

"Njoo Jumapili," alimwambia.

Meneja wa hospitali, mama wa miwani asiyependa maneno mengi, alikuja kusimama mbele ya nafasi ya kijivu iliyobaki nyuma ya bata wengine.

"Vigae vya manjano unavyo?"

"Ninavyo."

"Na mpaka jioni unaweza kummaliza?"

"Naweza."

"Sasa tatizo ni nini?"

"Nimemwahidi mtu nafasi hiyo."

Meneja alivua miwani. Alimkumbusha, bila ukali, kwamba ukuta wa ghorofa ya pili ulikuwa bado haujapewa mtu, na kwamba wafadhili hawatoi kazi kubwa kwa fundi anayeacha ndogo na shimo. Fundi Vigae aliujua ukuta ule. Ulikuwa mrefu, wenye mwanga wa madirisha, na kwa miezi alikuwa akiuchora kichwani kabla ya kulala. Meneja alipoondoka alichukua kiganja cha vigae vya manjano, akasimama navyo mbele ya ile nafasi mpaka vikapata joto. Kisha akavirudisha kwenye kopo.

Wafadhili walikuja na suti zao, wakasifu trafiki, wakacheka na mama bata, halafu macho yakafika kwenye kijivu na yakabaki hapo. Ukuta wa ghorofa ya pili alipewa mchoraji wa rangi. Fundi Vigae hakumwambia hata dada yake.

Jumapili ukumbi ulikuwa mtupu. Mtu wa Shimoni aliingia akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono, na kitu kimefungwa kwenye taulo amekikumbatia kama mtoto. Walisalimiana kama watu wanaokutana mara ya kwanza. Fundi Vigae alimchanganyia saruji, akaipaka ukutani, akashuka, akampisha ngazi.

Mwanamume alipandisha karatasi kwa mikono miwili, akaikandamiza. Ilikaa imeinama kidogo upande wa kushoto. Kifaranga angevuka barabara kama anayetaka kuanguka. Vidole vya Fundi Vigae viliwasha. Saruji ilikuwa mbichi, kusogeza kidogo tu kungetosha. Na kila mtu atakayeingia hospitali ile, kwa miaka, angedhani mkono uliokosea ni wake.

"Amekaa vizuri?" aliuliza kutoka juu, hageuki.

Fundi Vigae alitia mikono yote miwili kwenye mifuko ya aproni.

"Amekaa."

Mwanamume alishuka, wakaketi sakafuni mgongo kwa ukuta, mabega yakikaribia kugusana.

"Nimbandue karatasi sasa?"

"Bado," alisema Fundi Vigae, na safari hii yeye ndiye aliyesogea. "Kaa."