Banda la Mlango Mmoja

Kila asubuhi Hilaria aliingia bandani na mzigo wa majani kichwani. Banda lilikuwa na mlango mmoja. Kihori cha kulishia kilikuwa mwisho kabisa, ukutani, na ili kukifikia ilibidi ujibane kati ya ng'ombe na ukuta. Baba yake Sirili ndiye aliyelijenga hivyo. Sirili, mume wa Hilaria, hakuona sababu ya kulibadilisha. Aliyejibana si yeye.

Siku hiyo ng'ombe alikuwa na ndama wa siku mbili. Hilaria alipopita, ndama akalia. Ng'ombe akageuka, akambana Hilaria ukutani kwa kichwa. Mara moja tu.

Sirili alisikia kishindo, akaja mbio.

"Ndama hajakanyagwa?"

"Ndama mzima," Hilaria alijibu, ameshika ubavu wa kushoto. "Na mimi nipo, ukitaka kujua."

Hakukuwa na damu wala jeraha. Sirili akamlaza, akateleka mtori wa ndizi, akatafuta mafuta ya ng'ombe ya kumchua.

"Yule ni mpole," alisema. "Amekushtua tu."

Kufika saa sita, Hilaria alikuwa anatoka jasho la baridi. "Bega nalo linauma," alisema. "Nina kiu. Jioni nani atakamua?"

Wakati huo Evelyn alipiga hodi. Alikuwa jirani aliyenunua maziwa kwao, na mhudumu wa afya wa kijiji.

"Mama Brenda! Leo maziwa yangu mmeyanywa wenyewe?"

Kisha akaiona midomo ya Hilaria. Ilikuwa imepauka. Akamshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo, akauliza kilichotokea.

"Baba Brenda, weka chini hayo mafuta. Asichuliwe. Na asile wala asinywe kitu."

"Nimnyime maji mke wangu?"

"Mloweshe midomo tu. Huenda akapasuliwa leo."

"Apasuliwe kwa kusukumwa na ng'ombe? Hata damu hajatoka!"

"Inatoka ndani! Ng'ombe huyo ana kilo mia nne. Angegongwa na gari, ungempikia mtori?"

Sirili akaweka mafuta chini.

"Chini ya mbavu za kushoto kuna bandama," Evelyn alisema. "Ikipasuka, damu inamwagikia tumboni. Mtu anapauka, mapigo yanakwenda mbio, tumbo linakuwa gumu, bega linauma. Ukiona hata moja, kimbia hospitali. Hata usipoona kitu, aliyebanwa na ng'ombe apimwe siku hiyohiyo." Akamtazama usoni. "Mama yako alikufa na nini?"

"Tumbo."

"Tumbo! Nilikuwa mdogo lakini sijasahau. Alitoka banda hilihili, ameshika ubavu. Mkampikia mtori. Alfajiri akafa, mkasema tumbo. Wanawake wangapi wa hapa Uru wamezikwa na hilo tumbo, na ng'ombe akaendelea kusifiwa maziwa?"

Sirili alilikumbuka lile bakuli la mtori. Yeye ndiye aliyempelekea mama yake.

Akanyanyuka kwenda kutafuta bodaboda.

"Si pikipiki!" Evelyn alisema. "Atatikisika. Kamwite Rogath na pikapu yake."

Walimlaza Hilaria juu ya godoro, wakamfunika blanketi, wakateremka hospitali, Moshi mjini. Alipasuliwa alasiri hiyohiyo.

"Mngesubiri jioni," daktari alimwambia Sirili, "ungekuja kuchukua maiti."

Hilaria akiwa wodini, Sirili alilisha ng'ombe mwenyewe. Alijibana ukutani na mzigo wake. Ng'ombe akamgeukia. Sirili akautupa mzigo. Akatoka, akaenda kuchukua nyundo.

Evelyn alimwelekeza. Kihori kihamie mbele, ng'ombe alishwe mtu akiwa nje. Uwepo mlango wa pili wa kukimbilia. Ndama awe na chumba chake, na mama yake afungwe kabla mtu hajaingia.

"Hata kama ni mpole?"

"Mpole akishazaa ana mtoto wa kulinda."

Hilaria aliporudi, alisimama nje ya banda akatupa majani kihorini. Ng'ombe akala.

"Kumbe ni hivi tu?" alisema. "Miaka ishirini na miwili, Baba Brenda."

Sirili akaupokea mzigo uliobaki.

Jumamosi, wanajumuiya walikutana kwao kusali. Ulipofika wakati wa kuwaombea marehemu, Sirili alisimama.

"Mama yangu hakufa kwa tumbo," alisema. "Alibanwa na ng'ombe wetu, na sisi tukakaa tunamwangalia."

Kisha bibi mmoja akasema polepole, "Na dada yangu."

"Na mama mkwe wangu," akasema mwingine.

Kesho yake, baada ya misa, nyundo zilisikika mabandani, katika vihamba vya majirani watatu.